Florida pamoja na mama kutoka Tanga: twende Agosti au Desemba?

Dada yangu wa Columbus, Ohio, salaam.

Umeniandikia kwamba mko sita: wewe na mumeo, watoto watatu wa miaka 13, 9 na 4, na mama yako mzazi wa miaka 68 aliyewajia kutoka Tanga, ambaye ruhusa yake ya kukaa inaishia katikati ya Januari. Watoto wanataka Orlando. Mumeo anataka ufukwe. Mama amesema, "Bahari nimezaliwa nayo, mnanipeleka kuona bahari ya nini?" Halafu akaongeza kwamba anaogopa mamba. Mna siku nane na dola 6,000, na unauliza: muende Florida wiki ya kwanza ya Agosti kabla shule hazijafunguliwa, au msubiri likizo ya Desemba? Na mkifika, mkae wapi?

Nendeni Desemba. Na mkae mahali pawili tu: nusu ya kwanza karibu na Orlando, nusu ya pili Homestead, mji mdogo ulioko mbali kusini, karibu na pale barabara inapoingia baharini. Nimeongoza wageni Florida kwa miaka 14, na kabla ya hapo kazi hii nilijifunzia Malindi. Familia zinazorudi zimechoka na kugombana karibu zote ni zile zilizotaka kumaliza jimbo zima kwa wiki moja. Kutoka Pensacola kule kaskazini-magharibi hadi kisiwa cha Key West kule kusini ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Hiyo si safari ya kufanya na mtoto wa miaka minne na bibi mwenye magoti.

Agosti kwanza, ili nisije nikaonekana nimeikataa bila sababu. Agosti Florida ni kama kukaa jikoni mlango umefungwa na masufuria matatu yameinjikwa. Asubuhi jua, mchana jasho, na alasiri karibu kila siku wingu linasimama na radi inapiga. Florida ni miongoni mwa majimbo yanayopigwa na radi nyingi zaidi Marekani, kwa hiyo radi ikisikika kila mtu hutolewa kwenye maji, iwe baharini au kwenye bwawa la hoteli. Msimu wa vimbunga unaanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kipindi kikali ni katikati ya Agosti hadi Oktoba. Kimbunga Ian cha Septemba 2022 kiliikata barabara ya daraja inayokwenda kisiwa cha Sanibel. Mwaka 2024, Helene na Milton vilipiga ndani ya wiki mbili tu. Kama mtu hana budi kwenda miezi hiyo, humwambia anunue bima ya safari siku ileile anayolipia tiketi, kwa sababu kimbunga kikishapewa jina, bima inayonunuliwa baada ya hapo haikifidii.

Kitu kimoja cha Agosti mtakikosa nami nitawasikitikia: kasa. Ufukwe wa mashariki kati ya Melbourne Beach na Wabasso, ambako hifadhi ya Archie Carr iliwekwa mwaka 1991, ni moja ya sehemu muhimu kabisa duniani ambako kasa duvi hutaga. Nyumba za ufukweni huzima taa usiku ili watoto wa kasa wasipotee njia wakaenda barabarani badala ya majini. Hicho ndicho kitu pekee ambacho ningekitolea jasho la Agosti.

Sasa Desemba, na hapa lazima nikuambie jambo ambalo matangazo ya Florida hayasemi. Desemba bahari ya Florida ya kati ni baridi. Maji ya Clearwater mwishoni mwa Desemba huwa nyuzi 18 hivi. Mama yako amezoea maji ya Tanga ambayo mwezi huo yanafika nyuzi 28. Huyo hatatia hata kidole. Watu wa Ohio wataingia na kushangilia, lakini mumeo akiota ufukwe wa kuogelea kama Raskazone ya Tanga, pale atarudi amejikunja.

Lakini baridi hiyohiyo ndiyo inayowaleta nguva.

Nguva wa Florida ni binamu wa nguva wetu. Wa kwetu mkia wake umegawanyika kama wa pomboo. Wa Florida mkia wake ni wa mviringo, kama mwiko wa kupakulia wali. Ana urefu wa mita tatu, uzito wa kilo 450 au zaidi, na kazi yake ni kula nyasi za majini na kulala. Pamoja na unene wote huo hana mafuta ya kumkinga na baridi: maji yakishuka chini ya nyuzi 20 anaugua na anaweza kufa. Ndipo zinapoingia chemchemi. Florida imekaa juu ya chokaa iliyojaa mapango ya maji matamu, na maji hayo hutoka ardhini yakiwa na nyuzi 22 au 23, masika na kiangazi, mwaka mzima. Baridi ikianza, nguva huacha bahari na mito, wakapanda hadi kwenye chemchemi, wakajipanga humo kama ng'ombe zizini.

Mahali pa kumpeleka mama ni Blue Spring State Park, karibu na Orange City, kilomita 55 hivi kaskazini mwa Orlando. Miaka ya mwanzo ya 1970 walihesabiwa nguva 14 tu pale. Januari 2024, asubuhi moja ya baridi kali, walihesabiwa zaidi ya 900. Wamehifadhiwa kwa sheria, mashua zimefukuzwa, na kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Machi hakuna ruhusa ya kuogelea. Mnatembea juu ya njia ya mbao yenye kivuli, laini, isiyo na ngazi za kumtesa mtu wa magoti, na chini yenu maji ni mangavu kama kioo. Mtawaona mama na mtoto, mtawasikia wakipumua. Wengi wana makovu mgongoni ya pangaboi za mashua, na watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa makovu hayo. Mwaka 2021 walikufa zaidi ya 1,000 katika jimbo zima, wengi kwa njaa, kwa sababu uchafu wa mbolea na maji machafu uliua nyasi za Indian River Lagoon, ghuba ndefu ya upande wa mashariki. Waambieni watoto hilo pia. Wana umri wa kulielewa.

Ada ni dola 6 kwa gari zima. Lakini fikeni saa mbili kamili asubuhi lango linapofunguliwa, au hata kabla. Siku za baridi na za likizo maegesho hujaa mapema, lango hufungwa, na mtakaa kwenye foleni barabarani mkiambiwa msubiri. Chagueni siku ambayo usiku wake ulikuwa wa baridi zaidi katika zile siku zenu nne. Ratiba nyingine zote ziinamie siku hiyo.

Nina hakika mama amekua akisikia habari za nguva, na huenda hajamwona hata mmoja. Kwetu wamebaki wachache mno, hasa upande wa Rufiji, Mafia na Kilwa, na wavuvi wazee ndio wanaokumbuka. Niliwahi kumpeleka bibi mmoja wa Lamu pale Blue Spring. Alisimama kimya karibu saa nzima, kisha akasema, "Kumbe walihamia huku." Tangu siku hiyo kila familia inayoniuliza wampeleke wapi mzee wao, hapo ndipo ninapoanzia.

Mumeo na wale wakubwa wawili wakitaka kuingia majini na nguva, hilo linafanyika Crystal River, upande wa magharibi, kilomita 145 hivi kutoka Orlando. Mnavaa nguo za mpira, mnaelea juu bila kupiga miguu, na hamumshiki wala kumfuata: mnyama akija mwenyewe ni hiari yake. Njiani kurudi, kusini kidogo, kuna Weeki Wachee, ambako tangu mwaka 1947 wanawake waliovaa mikia ya samaki hucheza chini ya chemchemi wakivuta pumzi kwa mipira, nanyi mmekaa kwenye ukumbi wenye dirisha chini ya maji. Yule wa miaka minne ataona nguva wa hadithi na nguva wa kweli siku moja, na kwa lugha yetu wote wana jina moja.

Orlando sasa, maana najua watoto hawajasikia neno hata moja katika hayo. Wiki ya Krismasi ndiyo iliyojaa kuliko zote na ndiyo ya bei kubwa kuliko zote. Tiketi za Disney hubadilika bei kulingana na tarehe, na Magic Kingdom, mojawapo ya bustani zake za michezo, katika wiki hiyo imeshavuka dola 200 kwa mtu mmoja kwa siku moja. Mtoto wa miaka 3 hadi 9 hupunguziwa kidogo tu, na wa 10 na kuendelea ni mtu mzima. Zidisha kwa sita uone. Kwa hiyo nasema siku moja, bustani moja, na iwe mapema iwezekanavyo, kabla ya tarehe 23 Desemba. Shule ikifungwa Ijumaa, rukeni Jumamosi, ingieni Disney Jumatatu, mkimbie kusini kabla umati haujafika.

Kati ya bustani nne za Disney, mimi ningechagua Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998. Tiketi yake ni nafuu kidogo kuliko ya Magic Kingdom, na tena kuna sababu inayotuhusu sisi. Ndani yake wamejenga mji wa bandari wa Afrika Mashariki unaoitwa Harambe, na waliousanifu walikwenda Lamu kuchukua mfano. Nilipoingia mara ya kwanza moyo ulinidunda: kuta za chokaa iliyobanduka, milango, maandishi ya Kiswahili ukutani. Halafu unapanda lori lililo wazi, mnazunguka kwa dakika 20 hivi kati ya twiga, tembo, simba na vifaru walio hai. Mama anakaa kitini, hana haja ya kutembea. Watoto wenu waliozaliwa Ohio watawasomea wenzao maandishi yale kwa sauti, na kwa mara ya kwanza lugha ya nyumbani itakuwa ndiyo lugha ya mahali. Nimeona watoto wakirefuka pale kwa fahari. Harambe haina adhana wala harufu ya samaki wa kukaanga, na mama ataliona hilo upesi. Mwacheni awaeleze kilichokosekana. Hayo ndiyo mazungumzo nitakayoyathamini kuliko michezo yote ya bustani ile.

Msimtembeze mama kwa miguu siku nzima. Viti vya magurudumu hukodishwa mlangoni, na hata mtu anayetembea vizuri nyumbani hukihitaji ikifika saa nane mchana. Mkitaka chakula halali, mikahawa ya kukaa mezani hupokea ombi mkiwaarifu mapema wakati wa kuweka nafasi. Nafasi zenyewe hufunguliwa siku 60 kabla. Boma, mkahawa ulio ndani ya hoteli ya Animal Kingdom Lodge, una meza ndefu za vyakula vyenye ladha za Afrika, na mkiwa na nafasi ya kula hapo mnaweza kutoka nje kuwatazama pundamilia na twiga bila kulala hotelini humo, ambako bei ni ya kutisha.

Universal, bustani nyingine za michezo za Orlando, pamoja na Epic Universe iliyofunguliwa Mei 2025, ni ya vijana wanaopenda kasi. Kwa kundi lenu siipendekezi safari hii.

Yule wa miaka 13 mpeni siku yake Kennedy Space Center, kituo cha kurushia roketi, mwendo wa saa moja kutoka Orlando. Apollo 11, iliyopeleka watu wa kwanza mwezini, iliondoka hapo tarehe 16 Julai 1969, na chombo cha anga cha Atlantis kimening'inizwa ndani ya jengo, kikiwa na alama za moto mwilini. Hata msipolipa kiingilio, angalieni ratiba ya roketi: zinaruka mara nyingi siku hizi, na ukisimama ukingoni mwa maji mji wa Titusville unaziona bure, kisha ngurumo inakufikia kifuani. Mimi nilikulia Malindi, nikiona kwa mbali mitambo ya San Marco ya kurushia roketi, iliyosimama baharini Ngomeni. Hapo kiliruka mwaka 1970, tarehe 12 Desemba, chombo cha anga kilichopewa jina Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Kila ninapomwambia kijana wa Kiswahili habari hiyo pale Titusville, huniangalia kama ninamtania. Si utani.

Malazi ya Orlando: kodini nyumba ya siku chache upande wa Kissimmee au Davenport, yenye jiko. Watu sita wakila nje mara tatu kwa siku nane, pesa yenu itaishia matumboni. Pikeni chai na maandazi asubuhi, chukueni wali wenu kwenye chombo. Nyumba nyingi huko zina bwawa la kuogelea nyuma, na hapo naomba usome pole pole. Nchini Marekani, kuzama majini ndiko kunakoongoza kwa kuua watoto wa miaka 1 hadi 4. Kabla hamjashusha mabegi, mumeo aukague mlango wa nyuma: una kengele? Una komeo la juu asilolifikia mtoto? Ua wa bwawa unajifunga? Na siku zote mtu mzima mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye mwenye zamu ya kuangalia. "Sote tupo" maana yake mara nyingi ni kwamba hakuna anayeangalia.

Kutoka hapo kwenda Homestead ni kilomita 400 hivi kwa barabara ya Turnpike, saa nne. Barabara hiyo haina mtu wa kupokea pesa mkononi, kamera hupiga picha ya namba ya gari. Mara moja nilikodi gari bila kuuliza, na wiki mbili baadaye kampuni ikanikata tozo za barabara pamoja na ada yake yenyewe kwa kila siku niliyokaa na gari, hata siku lilipolala uani. Nyinyi wa Ohio mna bahati: kama mna kile kifaa cha E-ZPass, kinafanya kazi Florida tangu mwaka 2021. Kichukueni, sajilini namba ya gari la kukodi kwenye akaunti yenu mkilipokea, mwiondoe mkilirudisha. Msipokuwa nacho, nunueni kibandiko cha SunPass dukani.

Homestead haina uzuri wa mji. Uzuri wake ni kwamba iko kwenye milango miwili: kulia Everglades, hifadhi ya kinamasi, mbele visiwa vya Florida Keys, na vyumba vyake ni nafuu mbali kabisa kuliko vya visiwani, ambako wiki ya Krismasi bei hupanda kama moshi. Kuzunguka mji ni mashamba ya Redland, na kwenye vibanda vya matunda mama atakuta, kadiri ya msimu, stafeli, papai, mapera na madafu. Mpeni nusu ya asubuhi hapo. Atachagua mwenyewe na kuwafundisha wauzaji.

Everglades ndiyo sababu ya pili ya kuchagua Desemba. Anayejua Mikumi au Tsavo anajua kwamba wanyama huonekana kiangazi, maji yanapokauka wakakusanyika penye dimbwi. Everglades ni vilevile. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua imekatika, kinamasi kinasinyaa, na samaki, ndege na mamba wote hujikuta mahali pamoja. Mbu nao wamepungua. Miezi ya Agosti wangewala wazima. Ingieni kwa lango la Homestead, mwende Anhinga Trail, njia ya kilomita moja na kitu, tambarare, nusu yake ni ya mbao juu ya maji. Kwenye maegesho kuna tumbusi wenye tabia ya kung'oa mipira ya vioo na vifuta mvua vya magari. Hifadhi huweka maturubai ya kuazima kwa ajili yao. Funikeni gari, msione haya.

Hapo ndipo mama atakapokutana na mamba. Mwelezeni kabla. Walio wengi pale ni aligeta, mwenye pua pana kama jembe na rangi nyeusi, mpole kuliko mamba wa Rufiji anayemjua yeye, ingawa si wa kuchezewa. Mamba wa kweli, mwenye pua nyembamba na meno ya nje, yuko pia, chini kabisa mahali paitwapo Flamingo, kwenye maji ya chumvi. Kusini mwa Florida ndipo mahali pekee duniani ambapo wawili hao huishi pamoja. Kaeni umbali wa mita tano, msiwalishe, na mtoto wa miaka minne ashikwe mkono muda wote. Na si Everglades peke yake: aligeta yuko katika kila wilaya ya Florida, hata kwenye vidimbwi vya mapambo vya hoteli. Magharibi ikiingia, mtoto asikaribie ukingo wa maji matamu popote pale.

Kwenye maji hayo mtawaona yangeyange, weupe kama kanzu ya Ijumaa. Zaidi ya miaka 100 iliyopita nusura wamalizwe, kwa sababu manyoya yao yalipambia kofia za wanawake wa mijini na yaliuzwa kwa bei ya dhahabu. Mlinzi mmoja, Guy Bradley, aliyekabidhiwa kuwalinda, aliuawa kwa risasi karibu na Flamingo mwezi Julai 1905. Hifadhi ya taifa yenyewe ilizinduliwa mwaka 1947. Nikisimama pale na wageni, nikawaona yangeyange kwa makumi wakitua jioni, huwa sipiti bila kulitaja jina lake.

Kuna jambo la pesa hapa. Gari huingia kwa dola 35 kwa siku saba, lakini tangu Januari 2026 mgeni asiye mkazi wa Marekani mwenye miaka 16 na kuendelea huongezewa dola 100 katika hifadhi kubwa 11, na Everglades ni mojawapo. Hiyo inamgusa mama. Mkiona ni nzito, nendeni Big Cypress, hifadhi jirani kando ya barabara ya Tamiami Trail. Kiingilio hakuna, na kwenye kituo cha Oasis kuna njia ya mbao ambapo aligeta hulala chini yake kwa safu. Hata bila dola 100, mama atawaona wa kutosha.

Ufukwe wa mumeo nimeuweka mwisho kwa sababu kusini ndiko kunakofaa. Siku moja amkeni alfajiri, shikeni barabara ya visiwani hadi Bahia Honda State Park, kilomita 145 hivi. Njia hiyo, yote hadi Key West, inaruka kisiwa hadi kisiwa juu ya madaraja 42, na pembeni mtaona mabaki ya reli ya tajiri Henry Flagler, iliyofika Key West mwaka 1912 na kuvunjwa na kimbunga mwaka 1935. Maji huko Desemba ni nyuzi 22 au 23: si ya Tanga, lakini mtu anaingia. Mkifika Bahia Honda mapema mtapata nafasi. Mkichelewa lango limefungwa. Jioni tazameni upande wa magharibi. Sisi watu wa mwambao jua tunalipokea likichomoza baharini, na ni wachache waliokaa kulitazama likizama humohumo.

Neno kwa mumeo kuhusu mawimbi, kama mtapita fukwe za mashariki. Kwetu mwamba uko nje, unavunja mawimbi kabla hayajafika, na ndani mtu anaogelea kama kwenye beseni. Sehemu kubwa ya ufukwe wa mashariki wa Florida haina kinga hiyo, na mkondo unaweza kumvuta mwogeleaji hodari kwenda kina. Asishindane nao. Aogelee sambamba na ufukwe mpaka autoke, ndipo arudi. Bendera nyekundu ni hatari, mbili nyekundu ni marufuku kuingia, ya zambarau ni yavuyavu au samaki taa. Ogeleeni mbele ya waokoaji tu.

Mama atembee na pasipoti yake halisi, na nakala iwe kwako. Mnunulieni bima ya matibabu ya wageni kabla hamjaondoka Columbus. Mgeni wangu mmoja aliyeanguka na kuvunja nyonga alikaa hospitali siku tano bila bima, na ukoo wake ulichanga kwa miaka miwili. Bustani nyingi za jimbo zina viti vya magurudumu vya mchangani, vyenye matairi manene, hutolewa bure: pigeni simu siku moja kabla mkaulizie.

Na kwa ile asubuhi ya Blue Spring, msidanganywe na jina la Florida mkafungasha madera matupu. Saa mbili asubuhi inaweza kuwa nyuzi 5. Mama avae soksi, sweta nzito na mtandio wa sufi, na mchukue chupa ya chai ya tangawizi yenye moto, maana akishawaona nguva hatakubali kuondoka upesi.